Manjano ya Kufunika Shimo

Nyuma ya jiko la Mama, huko kwetu Suna, kuna mahali pa ukubwa wa matatu moja ambapo hapaoti kitu. Hata magugu yanapakwepa. Mvua ikinyesha panageuka tope jekundu, jua likiwaka panakuwa pagumu kama sakafu. Mwezi wa tatu Mama alinipigia simu, na kwa sauti yake nilijua ameshaamua.

"Nitafutie maua ya kupanda pale nyuma. Ya manjano. Yale yanafanana na dhahabu."

Nikanyamaza kidogo. Nyumbani kwetu hilo neno la mwisho hatulitaji ovyo ovyo.

Acha nieleze. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, Baba alikubali watu wachimbe pale nyuma. Walikuja na stori tamu: mshipa wa dhahabu unapita chini ya boma lenu, mzee, umekalia utajiri. Baba akatia pesa zake pia. Mbao za kushikilia kuta za shimo, dizeli ya pampu, chakula cha vijana. Ndani ya hizo pesa mlikuwa na karo yangu. Shimo lilishuka kwa miezi mitano, mawe yakabebwa kwa pikipiki hadi kwenye mashine ya kusaga, na dhahabu iliyotoka haikutosha kulipa hata dizeli. Wachimbaji wakaondoka. Baba akalifukia shimo mwenyewe kwa koleo. Mimi nikaacha chuo. Miaka minne sasa, na hatujawahi kulizungumzia.

Kwa hivyo Mama aliposema "dhahabu", nilielewa haniagizi maua tu.

Siku ya pili nilienda kwa mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara ya kwenda Isebania. Akanionyesha mashina mawili yenye majani marefu membamba, kama nyasi zilizolishwa vizuri. "Hizi ni lili," akasema. "Hii inatoa manjano ya limau, hii ya dhahabu kabisa. Lakini nikwambie ukweli, nyathina, kila ua linakaa siku moja tu. Asubuhi limefunguka, usiku limekwisha."

"Siku moja? Sasa nanunua nini?"

"Kesho linafunguka lingine."

Sikununua siku hiyo. Nilirudi kwenye chumba changu mjini Migori nikaanza kusoma. Ndio ugonjwa wa sisi tulioacha chuo, tunasoma sana mambo ambayo hayana mtihani.

Kumbe yule mama hakuwa ananidanganya. Jina la kisayansi la ua hilo ni Hemerocallis, nalo limetokana na maneno mawili ya Kigiriki: siku, na uzuri. Uzuri wa siku moja. Shina moja la ua hubeba vichomozi kadhaa vinavyopokezana zamu, ndiyo maana bustani huonekana imechanua kwa wiki nyingi ilhali hakuna ua hata moja lililoiona kesho. Asili yake ni Asia ya mashariki: China, Korea, Japani. Wachina wamelipanda kwa zaidi ya miaka elfu mbili, tena si kwa macho tu. Vichomozi vyake hukaushwa na kutiwa kwenye supu, na sokoni huitwa sindano za dhahabu. Kuna jina lake jingine la Kichina linalomaanisha mmea wa kusahau huzuni. Na kwa desturi ya huko, ni ua la mama.

Nilisoma hapo mara mbili. Mama yangu hajawahi kufika hata Mombasa, lakini alikuwa ameagiza barabara.

Wazungu walilichukua karne nyingi zilizopita, na karne ya 20 Wamarekani wakalishika kama kazi. Arlow Stout, mtafiti wa Bustani ya Mimea ya New York, alizalisha aina mpya kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu chake mwaka 1934. Siku hizi aina zilizosajiliwa zimepita 80,000. Ukitaka manjano kuna 'Hyperion' ya mwaka 1924, ndefu, rangi ya limau, yenye harufu. Ukitaka dhahabu kuna 'Stella de Oro' ya Walter Jablonski, iliyotoka mwaka 1975, fupi, na inarudia kuchanua. Jina lake ni nyota ya dhahabu. Hiyo sasa ndiyo nilikuwa nimeipenda, kwa jina tu, mpaka nikasoma kwamba ni ya jamii inayolala wakati wa baridi, na bila baridi hiyo haistawi vizuri. Suna iko karibu digrii moja kusini ya ikweta. Hiyo nyota ingelala wapi?

Ukichagua lili kwa bustani ya huku kwetu, basi, jambo la kwanza si jina. Uliza kama majani yake hubaki kijani mwaka mzima. Hizo ndizo zinazoelewana na joto. La pili, manjano si uchaguzi wa kishamba kama wengine wanavyodhani. Nyekundu iliyoiva na zambarau huungua na kufifia kwenye jua la saa saba, lakini manjano hustahimili. Na la tatu, anza na shina ambalo jirani ameligawa kutoka kwenye kichaka chake, maana limeshaonyesha kwamba linaweza kuishi hapa.

Sawa. Lakini kila nikisoma kuhusu ua la dhahabu, akili ilikuwa inarudi kwenye dhahabu yenyewe. Nani alituambia kwanza kwamba tumeikalia?

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji. Ilisema ardhi za hifadhi za Waafrika zimetengwa kwa manufaa yao milele. Neno "milele" liliandikwa humo, si mimi ninayeongeza chumvi. Kipande chochote kikichukuliwa, kifidiwe kwa kipande kingine cha ardhi, na baraza la wenyeji lihusishwe. Mwaka uliofuata, 1931, dhahabu ikaonekana Kakamega. Wazungu wakamiminika na mahema na karai zao. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa: ardhi ikitakiwa kwa uchimbaji hakuna lazima ya kutoa ardhi nyingine, pesa zinatosha, na hakuna lazima ya kuliuliza baraza kwanza.

Piga hesabu mwenyewe. Milele ilidumu miaka miwili.

Sheria ile haikuwa ya Kakamega peke yake. Ilikuwa inatulinda na sisi wa Kavirondo Kusini, ambako leo ni Migori, Homa Bay na Kisii, na iliporekebishwa tulivuliwa koti pamoja. Watafutaji wakaja upande wetu pia. Mwaka 1946 mwanajiolojia Robert Shackleton alichapisha ripoti yake kuhusu ukanda wa dhahabu wa Migori, miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kule Macalder, Nyatike, mgodi mkubwa ulitoa dhahabu, fedha na hasa shaba, mpaka ukafungwa mwaka 1966. Kampuni iliondoka, jina la Mzungu likabaki kwenye soko, na watu wakaendelea kuchokora mabaki kwa mikono. Leo ukienda Osiri-Matanda, Mikei au Masara utawakuta vijana shimoni na akina mama juu, wanaponda mawe na kuyaosha kwenye karai, wengine wakishika zebaki kwa vidole vitupu.

Na bado si yetu, kusema ukweli. Kwa Katiba ya 2010 madini yote yako mikononi mwa umma, hata yawe chini ya kitanda chako. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale yanapochimbwa. Mwenye boma anamiliki udongo wa juu, ule ambao Baba aliuruhusu uchimbuliwe na kutupwa.

Hapo nikaelewa kwa nini hapaoti kitu. Mtu akichimba shimo, udongo mweusi wa juu hutoka kwanza. Akilifukia bila kuupanga, ule mwekundu wa chini, usio na uhai, ndio unaobaki juu. Shimo letu lilifukiwa kichwa chini miguu juu. Ukiweka lili pale, hata iwe ya Mchina gani, itakaa inakuangalia tu.

Jibu lilikuwa kwenye ua wetu, na ninamaanisha ua wa kuzunguka boma.

Kama umewahi kupita barabara za Nyanza au Magharibi baada ya mvua, unalijua: ua la manjano kama alizeti ndogo, limejaa kwenye kingo za mashamba, kimo kushinda mtu. Waluhya huliita maua amalulu. Sisi tunasema mauwa makech. Yote mawili ni maua machungu, kwa sababu ya majani yake. Sikia lakini: "mauwa" si neno la Dholuo tangu zamani, ni Kiswahili tulichokopa. Mti wa manjano tulikuwa nao wenyewe, siala, wenye maua kama tarumbeta, lakini siala ni mti wa nguzo za nyumba na mipini ya majembe. Uzuri wake ulikuja juu ya kazi. Kupanda kitu kisicholiwa, kisichojengea, ati kwa sababu kinapendeza tu, naona ni tabia iliyoshika pamoja na shule na misheni, kama ile ya Waadventista iliyofunguliwa Gendia mwaka 1906. Kitu kigeni kikaja na neno geni.

Na mauwa makech ni mgeni kweli. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati, na Afrika lililetwa kama pambo. Jina lake la kisayansi, Tithonia, linatokana na Tithonus, kijana katika hadithi za Wagiriki aliyeombewa uzima wa milele na mpenzi wake, mungu wa alfajiri, ambaye alisahau kuomba pia ujana wa milele. Akazeeka bila kufa. Mmea wenyewe ndivyo ulivyo: kata, unachipuka, choma, unachipuka. Ulitoroka bustanini ukawa gugu, kisha ua wa boma, kisha kitu ambacho hakuna anayekitazama mara mbili.

Miaka ya tisini watafiti wa kilimo mseto waliofanya kazi upande wa Maseno wakaligeukia gugu hilo. Mwaka 2000 Bashir Jama na wenzake walichapisha muhtasari wa kazi hiyo: majani mabichi ya tithonia, ukiyapima baada ya kukauka, yana nitrojeni kama asilimia 3.5, fosforasi 0.37 na potasiamu 4.1. Huoza haraka na kuachia lishe hiyo kwenye udongo. Mbolea imesimama kwenye kila kingo, bure. Shida yake ni moja, na waliitaja: jasho. Majani mabichi ni mazito, na unahitaji mengi.

Jumamosi moja ya Aprili nilienda nyumbani na mashina sita ya lili, manne ya dhahabu, mawili ya limau, yote kutoka kwenye kichaka cha yule mama. Nikamweleza Mama kwamba hatuyapandi leo. Kwanza tuulishe udongo. Nikaanza kukata makech pale kwenye ua, na baada ya saa moja nilikuwa nimekata kiasi cha kuchekesha mbuzi.

Baba alikuwa amekaa chini ya mwembe na redio yake. Akaizima. Akaingia ndani, akatoka na panga lake, lile refu, akaanzia upande wa pili wa ua bila kusema lolote. Tulikata mpaka saa tisa. Tukalima lile doa jekundu, tukayakatakata majani na kuyafukia. Harufu yake kali ilitushika mikononi mpaka siku ya pili. Wakati fulani jembe lake lilipiga kipande cha ubao wa shimo kilichobaki. Akakiokota, akakitazama, akakitupa kwenye kuni za Mama.

"Hapa tulienda chini sana," akasema.

"Ndio, Baba."

"Ningeuliza mtu kwanza."

Ni hayo tu. Sikumjibu, kwa sababu sikuwa na jibu ambalo halingeharibu. Nilishika upande wangu wa kazi.

Baada ya wiki tatu tulirudia majani, kisha tukapanda lili kwenye mistari miwili. Mama alitaka ya dhahabu ikae mbele, ionekane kutoka mlango wa jiko. Mvua ilisaidia. Juzi asubuhi amenitumia picha: ua moja, limefunguka kabisa, na nyuma yake tope bado jekundu hapa na pale.

Nilipiga simu jioni baada ya kazi. Baba ndiye aliyeshika.

"Lile ua," nikamuuliza, "bado liko?"

"Limeshafunga." Nikamsikia anatembea, mlango wa jiko ukalia. "Lakini ngoja nihesabu. Kuna mengine manne."