Wakfu Ndani ya Kompyuta

Mwaka 1928 Siti binti Saad alipanda meli hapa Unguja, yeye na wapigaji wake, wakaenda Bombay kurekodi santuri. Sauti ilikuwa yake na lugha ilikuwa yake, ila mashine ilikuwa ya watu. Kwa hiyo sauti ndiyo iliyovuka bahari kuifuata mashine. Mwaka huohuo, kwenye mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Nasoma shahada ya uzamili na utafiti wangu ni wa taarab, ndiyo maana mwaka ule hauniondoki kichwani. Lakini nilikuja kuuelewa vizuri usiku mmoja nikiwa nyumbani Kikwajuni, mbele ya kompyuta yangu ya mezani niliyoinunua Darajani ikiwa imeshatumika.

Nilikuwa na mazungumzo ya wazee niliyoyarekodi, ya bibi yangu yakiwemo. Kwa miezi mitatu niliyakata, nikayapanga, nikaweka alama pale mtu anapocheka au anapoimba ubeti. Kazi hiyo niliifanya kwa programu ya sauti ambayo fundi aliniwekea bila leseni, kama wengi wetu tunavyowekewa. Usiku ule programu ikakataa kufunguka. Ilidai leseni, na bei yake ilikuwa kubwa kuliko bei ya kompyuta yenyewe. Sauti ghafi zilikuwepo salama, ila miezi mitatu ya kazi ilibaki ndani ya faili ambazo programu nyingine haikuweza kuzisoma. Sikuwa na wa kumlaumu. Niliingia nyumba isiyo yangu kwa ufunguo wa bandia, na mwenye nyumba amebadilisha kitasa.

Wiki iliyofuata nilihamia Linux. Niliipakia kwenye flashi, nikaijaribu bila kugusa diski, na nilipoona sauti, picha na intaneti vyote vinafanya kazi, nikaisimika. Nilichagua Linux Mint kwa sababu haikuihemea kompyuta yangu kongwe.

Bibi alikuwa amekaa pembeni na kahawa yake. Akauliza, "Na hii ya nani tena?"

"Si ya mtu, bibi. Ni kama wakfu."

Nilidhani nimepata mfano mzuri, na kweli ulikuwa mzuri. Linus Torvalds alitoa toleo la kwanza la Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Finland. Mwaka 1992 akaiweka chini ya leseni ya GPL, iliyobuniwa na Richard Stallman. Leseni hiyo inamruhusu kila mtu kutumia, kuchungulia, kubadilisha na kugawa, kwa sharti kwamba anayegawa asimfungie mwenzake. Wakfu ni hivyohivyo: nyumba ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi. Watu wanafaidika nayo, lakini hapana anayeweza kusema ni yake peke yake.

Bibi akanywa funda moja. "Haya. Na msimamizi wake nani?"

Sikuwa na jibu. Anayeijua Mji Mkongwe anaelewa kwa nini aliuliza. Nyumba nyingi mle ni za wakfu, na tumeziona kuta zake zikivimba kwa mvua na boriti zikioza. Wakfu inaizuia nyumba isiuzwe, haiizuii isianguke.

Historia ya Kiswahili kwenye kompyuta inampa bibi haki. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Kiswidi iitwayo IT+46, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice: programu huria ya kuandikia na kupiga hesabu, menyu zake kwa Kiswahili. Hawakungoja ruhusa ya mtu, kwa sababu leseni iliwapa ruhusa hiyo tangu mwanzo. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa chekechea. Leo nikiiambia kompyuta yangu izungumze Kiswahili, inaniitikia nusu nusu: neno hili la kwetu, linalofuata la Kiingereza. Programu zinabadilika kila mwaka, na tafsiri isiyo na mtunzaji inabaki nyuma. Hayo yananikuta Unguja, kulikotoka lahaja iliyochaguliwa mwaka 1928.

Wapo waliopata watunzaji. Mwaka 2002 wapenzi wa Blender, programu ya kuchora katuni za pande tatu, walichangishana yuro 100,000 kuikomboa kutoka kwa wawekezaji na kuifanya huria. Machi 2025 filamu ya katuni ya Flow, iliyotengenezwa Latvia, Ufaransa na Ubelgiji kwa Blender, ilishinda Oscar. Programu ya bure, tuzo ileile wanayoigombea wenye mamilioni.

Mimi sina Oscar, nina tasnifu. Sauti nakata kwa Ardour, video kwa Kdenlive, picha za zamani nasafisha kwa GIMP. Miezi mitatu yangu niliirudia kwa wiki tano.

Upande wa gemu sitakudanganya. Tangu Valve ilipotoa Proton mwaka 2018, gemu nyingi za Windows zinachezeka kwenye Linux, na sehemu kubwa ya zangu zilifunguka bila usumbufu. Lakini baadhi ya gemu za mtandaoni zina programu za kuzuia udanganyifu zinazokataa Linux kabisa, na gemu ya mpira anayoipenda mdogo wangu ni mojawapo. Siku hizi anakwenda kibandani kulipia mechi, na akirudi ananitazama kama niliyemuuzia kiwanja. Kama kompyuta yenu ni moja na mpira ndio furaha ya nyumba, fikirini kwanza.

Swali la bibi nililijibu kwa vitendo. Jumapili usiku natafsiri menyu, maneno kumi au ishirini kwa mkao mmoja, na kuyatuma kwa wanaoitunza programu. Ni kazi ndogo, mithili ya kuziba ufa mmoja kwenye jumba la ghorofa tatu.

Juzi nilikwama kwenye neno moja. Nilihitaji jina la ile sauti inayopungua taratibu mwisho wa wimbo mpaka ikatoweka. Niliandika maelezo ya maneno sita, yakawa hayaenei kwenye kitufe. Nikampigisha bibi mwisho wa wimbo mmoja, nikamuuliza sauti inafanya nini pale.

"Inafifia," akasema. "Kwani nyinyi mlikuwa mnaiitaje?"