Msitu wa Kaptagat: Njia za Wakimbiaji

Ukitoka Moiben, ukayaacha mashamba ya ngano na mahindi na kuupita mji wa Eldoret, barabara hupanda hadi huku, takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi; mgeni aanze polepole.

Kwenye njia hizi za udongo mwekundu Eliud Kipchoge amefanya mazoezi miaka mingi chini ya Patrick Sang, mshindi wa nishani ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Barcelona 1992. Tarehe 12 Oktoba 2019, katika bustani ya umma ya Prater jijini Vienna, Kipchoge alikimbia masafa ya marathoni kwa saa 1:59:40. Haikuhesabiwa rekodi rasmi, maana wasindikizaji walipokezana njiani. Hata hivyo, hakuna binadamu aliyewahi kufanya hivyo kabla yake.

Alhamisi asubuhi ni zamu ya mbio ndefu. Utasikia vishindo vya viatu kabla hujawaona wakimbiaji: simama kwenye nyasi, uwaachie katikati palipokanyagwa pakashikana. Mvua ikinyesha, udongo hunata kwenye soli na kuteleza. Tafadhali usiache taka msituni. Eldoret hunywa maji yatokayo nyanda hizi za juu.