Gari la zamani likichemsha au kuzimika njiani: mambo ya kukagua kabla ya kununua kifaa

Ukiwa Mtua, au popote kwenye barabara za vumbi kati ya Nachingwea na Ruangwa, gari likikufia njiani fundi hayuko karibu, na mara nyingine hata mtandao wa simu haupo. Magari yetu mengi ni ya miaka mingi: Noah, Hiace, Corolla, Land Cruiser za dizeli, na Kirikuu zinazobeba kila kitu, kuanzia magunia ya ufuta hadi mgonjwa anayewahishwa hospitali. Taabu huzidi kuanzia Oktoba, jua linapowaka kabla ya mvua na korosho inapopelekwa ghalani.

Matatizo mawili ndiyo yanayosumbua zaidi. La kwanza ni gari kuchemsha. La pili ni gari kukosa nguvu au kuzimika kama vile limeishiwa mafuta. Mara nyingi moja hujificha nyuma ya jingine, ndiyo maana mtu hununua pampu mpya ya mafuta kumbe shida ilikuwa joto. Hapa tunaeleza namna ya kukagua kwa mpangilio, tukianza na yale yasiyogharimu hata shilingi. Hifadhi makala haya kwenye simu yako, yakusaidie hata mtandao ukikosekana.

Swali la kwanza: mshale wa joto uko wapi?

Gari likianza kusumbua, tazama mshale wa joto kabla hujazima injini. Ukiwa umepanda kupita ulipozoea kukaa, au taa nyekundu ya joto imewaka, anza na joto. Ukiwa mahali pake pa kila siku, elekea kwenye mafuta na umeme.

Kuna jambo moja linalowadanganya wengi. Mshale ukishuka ghafla huku mvuke unatoka, usidhani injini imepoa. Huenda maji yamekwisha kabisa, na kipima joto hakigusi tena maji. Hiyo ni hatari kubwa kuliko mshale uliopanda.

Mshale ukipanda

Zima AC. Fungua hita hadi mwisho pamoja na madirisha yote. Abiria watalalamika, lakini hita huchota joto kutoka kwenye maji ya injini. Mshale usiposhuka mara moja, simama kivulini, zima injini na usubiri angalau nusu saa.

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji ya kwenye rejeta yamebanwa kwa mgandamizo, kwa hiyo yanaweza kukaribia nyuzi joto 120 bila kuchemka. Ukifungua, mgandamizo unaondoka na maji hugeuka mvuke papo hapo, yakakurukia usoni na kifuani. Noah, Hiace na Kirikuu nyingi zina injini chini ya viti vya mbele, hivyo washushe abiria wote kabla ya kuinua kiti.

Hozi ya juu ya rejeta ikishapoa kiasi cha kushikika, funika kifuniko kwa kitambaa kizito, kilegeze kidogo, acha upepo uishe, ndipo ukitoe. Ongeza maji polepole. Usimwage maji ya baridi juu ya injini yenye moto wala kuyajaza kwa haraka ndani yake, kwa sababu chuma kinaweza kupasuka.

Mtu akiungua, mwagilia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala asali. Mpeleke kituo cha afya, hasa kama ameungua usoni.

Kwa nini linachemsha?

Angalia joto linapanda wakati gani. Gari likichemsha linaposimama au kwenda polepole, lakini likapoa linapokimbia, ishuku feni. Likichemsha linapopanda mlima au likiwa na mzigo, shuku rejeta iliyoziba au maji yasiyozunguka vizuri. Baada ya hapo kagua hivi:

1. Maji. Tafuta panapovuja kwenye hozi, maungio, rejeta na wota pampu. Mahali palipovuja zamani huacha alama nyeupe au ya kutu.

2. Feni. Feni ya umeme katika magari mengi huwaka unapowasha AC. Isipozunguka, kagua fyuzi kwanza, kisha rilei. Kama feni huzungushwa na mkanda, kagua kama mkanda umelegea au umepasuka.

3. Uso wa rejeta. Vumbi, mbegu za nyasi na wadudu huziba njia ya hewa. Osha kwa maji yasiyo na nguvu sana, kutoka upande wa injini kuelekea mbele.

4. Kifuniko cha rejeta. Mpira wake ukikauka au kukatika, mgandamizo haukai na maji huchemka mapema. Hiki ni kifaa cha bei ndogo kinacholaumiwa mara chache.

5. Themostati. Ikigoma kufunguka, maji hayafiki kwenye rejeta. Itoe, iweke kwenye sufuria ya maji na uchemshe. Themostati nzima hufunguka kabla maji hayajachemka, nyingi zikianzia karibu nyuzi 82.

Tukae kidogo kwenye themostati, kwa sababu hapo ndipo joto na mafuta hukutana. Wapo mafundi wanaoitoa na kuitupa wakisema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Bila themostati, injini huchelewa kupata joto lake la kazi. Katika gari lenye kompyuta, kompyuta huona injini bado ni ya baridi, hivyo huendelea kuongeza petroli. Mwenye gari hulalamika kuwa linakula mafuta, akaanza kubadilisha plagi na sensa. Kama gari lako lilianza kunywa mafuta baada ya kutengenezewa tatizo la kuchemsha, muulize fundi kama themostati ipo.

Maji unayotia nayo yana uzito wake. Maji ya kisima yenye chumvi huacha magamba ndani ya rejeta na kuleta kutu. Bora kutumia kulanti. Ukikosa, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni salama kuliko ya chumvi.

Joto ni la kawaida, lakini gari halina nguvu

Anza na swali dogo: mafuta yapo? Geji za magari ya zamani hudanganya. Kisha, kwa gari la petroli lenye pampu ya umeme, washa swichi bila kupiga stata na utege sikio upande wa tanki. Kwenye magari mengi utasikia mlio mdogo wa pampu kwa sekunde mbili hivi. Usiposikia, kagua fyuzi na rilei kabla ya kununua pampu.

Pampu ikilia lakini gari linakosa pumzi mlimani, shuku filta ya mafuta iliyoziba. Kagua pia filta ya hewa, maana kwenye vumbi letu huziba mapema. Usizoee kutembelea taa ya mafuta, kwani petroli ndiyo inayoipoza pampu iliyo ndani ya tanki. Mafuta yakiwa machache kila siku, pampu hufanya kazi kwenye joto na kuvuta uchafu wa chini.

Kwenye gari la kabureta, joto la mchana linaweza kugeuza petroli kuwa mvuke ndani ya bomba. Gari huzimika, kisha huwaka lenyewe likipoa. Zima injini, iache ipoe, kisha zungushia bomba la mafuta kitambaa kibichi, na hakikisha bomba haligusi sehemu ya moto. Kama gari si la kabureta lakini nalo huzimika likipata moto na kuwaka likipoa, mwambie fundi apime koili na sensa ya kranki, asikimbilie pampu.

Gari la dizeli likiishiwa mafuta huvuta hewa, na hata ukijaza tanki linaweza kukataa kuwaka. Magari mengi yana pampu ya mkono juu ya filta. Ibonyeze mara nyingi hadi iwe ngumu, ndipo upige stata. Taa ya filta ikiwaka, fungua koki ya chini ya filta na umwage maji yaliyokusanyika.

Kagua mafuta yenyewe

Petroli ya kwenye chupa kando ya barabara inaweza kuwa na maji, uchafu au mafuta ya taa. Weka kidogo kwenye chupa ya kioo inayoonyesha ndani, uache itulie robo saa mbali na moto na sigara. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatakaa chini na utaona mstari.

Mafuta ya taa hayajitengi hivyo. Dalili zake ni moshi, gari kuwaka kwa shida, na injini kugonga linapopanda mlima. Kugonga huko huongeza joto, kwa hiyo mafuta mabaya yanaweza kuchangia gari kuchemsha. Uchakachuaji ulienea nchini kiasi kwamba mwaka 2010 serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Ukinunua kituoni, dai stakabadhi, kwa sababu bila hiyo malalamiko yako kwa EWURA hayana ushahidi.

Tunasisitiza pia: usinyonye petroli kwa mdomo kupitia mpira. Ikipita kwenye mapafu inaweza kuua. Mtu akiimeza, msimtapishe wala msimpe maziwa ili atapike. Mpelekeni kituo cha afya hata kama anasema yuko salama, hasa akikohoa.

Wakati wa kutoendelea na safari

Chomoa kijiti cha oili na ufungue kifuniko cha oili. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Dalili nyingine za gasketi ya silinda hedi kuungua ni moshi mweupe usiokoma, mapovu kwenye rejeta injini ikinguruma, na maji kupungua bila kuonekana yanakovuja. Hapo usijaribu kufika nyumbani kwa kuongeza maji kila kilomita chache. Livutwe. Gasketi hubadilishwa, lakini silinda hedi iliyopinda au kupasuka inaweza kukugharimu injini nzima. Kama mna mgonjwa, mtafutieni usafiri mwingine mara moja.

Kwenye gari lako weka dumu la maji safi, kitambaa kizito, fyuzi za akiba, mkanda wa akiba na tochi. Kila asubuhi, injini ikiwa ya baridi, tazama maji na oili kabla ya kuondoka. Ukimpelekea fundi gari, mweleze lilichemsha wakati gani, mshale ulikuwa wapi, na kama liliwaka tena lilipopoa. Maelezo hayo matatu yatampunguzia kubahatisha, nawe hutanunua kifaa usichokihitaji.