Bei Iliyoandikwa ni Ahadi





Safari ya kumjulia hali jamaa aliyelazwa hospitalini ilinifikisha Haydom, mji mdogo wa wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, mbali kabisa na pwani yetu. Niliingia duka moja kununua sukari. Ukutani palikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa bei kwa wino mzito. Nilipotoa fedha, muuzaji akataka shilingi mia tano zaidi.

"Hiyo ya zamani, shehe," akasema. "Mzigo mpya umekuja na bei mpya."

Nyuma yangu alisimama mama mmoja ambaye fedha zake zilikuwa kiganjani, zimekwisha kuhesabiwa. Alipoyasikia maneno yale alizihesabu tena, akatoka bila ya kununua.

Je, msomaji, ile bei ya ukutani ilikuwa na uzito wowote? Tuitazame historia.

Amesimulia Anas bin Malik kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume (s.a.w.) awapangie. Alikataa. Aliwaambia kuwa mwenye kubana na kukunjua riziki ni Mwenyezi Mungu, naye anataraji kukutana na Mola wake bila ya mtu kumdai dhulma ya damu wala ya mali. Wako wanaoikomea hadithi hii, wakadhani kwamba soko limeachwa bila mwenyewe. Sivyo. Mtume huyo huyo alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta chini mbichi na juu kavu. Alimuuliza mwenye mali kwa nini hakuweka ule ubichi juu watu wauone, akaonya kwamba mwenye kughushi si katika wenzake.

Basi yaelewe mambo haya mawili. Bei kupanda si dhambi peke yake. Mzigo wa Haydom hupanda milima, na safari ina gharama. Dhambi ni kumwonyesha mnunuzi jambo moja na kumpa jingine. Ndiyo maana miji ya Kiislamu ikawa na muhtasibu, msimamizi wa soko, aliyekagua mizani, vipimo na hadaa. Na pale wafanyabiashara wanapoficha chakula ili watu wadhikike, Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliandika katika kitabu chake cha Hisba kuwa mtawala aweza kuwalazimisha wauze kwa bei ya haki.

Nchi yetu nayo ilipita njia hiyo. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kudhibiti bei, ikaundwa Tume ya Bei ya Taifa. Wakati huo Haydom ilikuwa katika mkoa wa Arusha, na bidhaa nyingi zikipitia Kampuni za Biashara za Mikoa, yaani RTC. Bei zikawa rasmi, lakini bidhaa zikatoweka. Wenye umri wangu watakumbuka foleni za maduka ya kaya, na ile sukari iliyokwisha mbele ya kaunta, ikapatikana uani kwa bei ya kuruka. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaongoza msako wa wahujumu uchumi na walanguzi. Hofu ilienea, na wako waliotupa mali usiku, lakini hofu haikuijaza rafu. Mwaka 1984 serikali ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, maduka yakaanza kujaa tena, na udhibiti wa bei ukalegezwa hatua kwa hatua.

Zamani bei ilikuwapo ukutani, bidhaa hazipo. Leo bidhaa zipo, na bei ya ukutani ndiyo isiyoaminika. Zama zote mbili aliyeumia ni yule mwenye fedha za kuhesabu.

Haki zako ni zipi? Kisharia, biashara husimama juu ya kuridhiana. Ukitajiwa nyongeza kabla ya kulipa, hulazimiki. Rudisha kitu, chukua fedha zako. Ukitozwa zaidi bila kujua, ile ziada ni mali yako. Ni haki ya mja, na toba ya muuzaji haitimii mpaka airejeshe. Kiserikali, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, pamoja na kumdanganya kuhusu bei, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye kupokea malalamiko. Vituo vya mafuta navyo vinatakiwa kubandika bei mahali pa kuonekana, na kuuza juu ya bei kikomo ya EWURA ni kosa. Kwa hiyo soma bei, uliza mapema, dai risiti, uihesabu kabla ya kutoka mlangoni.

Nawe usimdhulumu muuzaji. Aliyesahau kubadili kibao kwa kughafilika akumbushwe kwa upole. Lakini aliyekiacha kusudi, ili bei ndogo imvute mteja na bei kubwa imkamate, huyo ameukausha juu ubichi wa nafaka yake.

Mwenye duka, bei ikipanda, panda juu ya kiti ufute ile ya zamani. Ni kazi ya dakika moja. Yule mama wa Haydom aliihesabu bei yako nyumbani kwake, akakuamini, akatembea mpaka dukani kwako.

Wabillahi tawfiq.