VLAN: waya mmoja, mitandao miwili nyumbani

VLAN hugawa waya mmoja wa mtandao kuwa mitandao iliyotengana, kwa kiwango cha 802.1Q kilichotolewa mwaka 1998. Wakala wa forodha anayefanya kazi nyumbani huweza kuitenga kompyuta ya malipo na simu za watoto na kamera za bei rahisi.

Kwenye faiawoli ya pfSense, kila VLAN hupewa namba kati ya 1 na 4094, kisha mlango pepe wenye anwani yake, mfano 192.168.20.1. Swichi nayo lazima iwe inayoelewa 802.1Q.

Mlango mpya huzuia kila kitu hadi sheria iandikwe. Wengi huchoka, wakaruhusu yote, na utengano ukaishia hapo. Kwenye mlango wa watoto, sheria ya kuzuia mtandao wa kazi itangulie ya kuruhusu intaneti. PfSense husoma kuanzia juu.