Homa si ya kupuuzwa kwa mgonjwa anayetumia dawa za kemo

MGONJWA wa saratani anayetibiwa kwa dawa za kemikali, maarufu kama kemo, mara nyingi hutiwa dawa hospitalini kisha akarejea nyumbani kwa wiki mbili au tatu akisubiri dozi inayofuata. Ni katika siku hizo, akiwa mbali na daktari, ambapo yeye na jamaa zake huhitaji kuwa macho zaidi.

Dawa hizi hushambulia chembechembe zinazoongezeka upesi mwilini. Saratani huongezeka kwa njia hiyo, lakini pia mashina ya nywele, utando wa kinywa na wa utumbo, pamoja na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Ndiyo sababu mgonjwa hunyonyoka nywele, hutokwa na vidonda mdomoni, hutapika, huharisha na kuishiwa na nguvu.

Athari iliyo hatari zaidi haionekani kwa macho. Aghalabu kati ya siku ya saba na ya 14 baada ya dozi, chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hupungua mno. Vijidudu ambavyo mtu mwenye afya angevishinda bila hata kujua vyaweza kumtia mgonjwa huyu hatarini kwa muda wa saa chache.

Kwa hivyo, kipimajoto hakifai kukosekana nyumbani. Joto la mwili likifika nyuzi 38 za Selisiasi, au mgonjwa akianza kutetemeka kwa baridi, apelekwe hospitalini mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Siku ya kliniki isingojewe.

Katika maeneo ya Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, homa hudhaniwa kwanza kuwa malaria, na wengi hukimbilia dawa za dukani. Kwa mgonjwa wa kemo, kosa hilo laweza kugharimu maisha. Malaria yaweza kuwepo, lakini ipimwe hospitalini pamoja na damu. Dawa za maumivu kama paracetamol nazo hushusha joto na kuuficha ugonjwa, hivyo zisitumiwe kabla ya kupima joto na kuzungumza na daktari.

Anayempokea mgonjwa aelezwe papo hapo kwamba anatumia kemo, na tarehe ya dozi ya mwisho. Ni busara kadi ya kliniki iwekwe mahali panapojulikana na kila mtu nyumbani.

CHAKULA NA USAFI

Dawa za kuzuia kichefuchefu hufaa zaidi zinapomezwa kwa wakati uliowekwa, kabla ya kutapika kuanza. Chakula kidogo mara tano au sita kwa siku hukaa tumboni kuliko sahani moja iliyojaa. Uji, ndizi, mayai yaliyoiva vyema na maharagwe yaliyopondwa humezeka kwa urahisi.

Nyama isiyoiva sawasawa, maziwa yasiyochemshwa na maji yasiyotibiwa yaepukwe. Matunda na mboga zioshwe kwa maji safi. Kinywa kisukutuliwe mara kadhaa kwa siku kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na mswaki uwe laini.

Mabaki ya dawa hutoka kwa mkojo, choo na matapishi, hasa katika saa 48 za kwanza. Anayesafisha au kufua nguo zilizochafuka avae glavu na kunawa mikono kwa sabuni.

WAGENI NA KAZI

Desturi ya kumjulia mgonjwa hali ni njema, lakini mwenye kikohozi au mafua na asubiri apone. Mgonjwa naye aepuke misongamano, hasa katika wiki ya pili, na asione haya kukosa matanga au harusi.

Uchovu wa kemo hauishi kwa usingizi wa usiku mmoja. Kazi nzito zigawiwe wengine, ingawa kutembea polepole kila siku husaidia kurejesha nguvu. Nywele kwa kawaida huanza kunyonyoka wiki mbili hadi nne baada ya matibabu kuanza, na huota tena yanapokwisha.

Mitishamba isitumiwe bila daktari kujua, kwani baadhi huzuia dawa kufanya kazi au huumiza ini.

Mara nyingine daktari huahirisha dozi kwa kuwa damu imepungua. Hiyo si ishara kwamba tiba imeshindwa, bali mwili hupewa muda wa kujijenga. Linalodhuru ni mgonjwa kukatiza dozi kimyakimya kwa sababu ya kutapika au ukosefu wa nauli. Matatizo hayo na yaelezwe kliniki mapema, kwani dawa za kichefuchefu zaweza kubadilishwa na tarehe ikapangwa upya.