Mifupa ya binadamu na maradhi yake

Mtu mzima ana mifupa 206 kwa kawaida. Mtoto mchanga huzaliwa na vipande vingi zaidi, na baadhi huungana kadiri anavyokua. Ni desturi kuufananisha mfumo huu na nguzo na makombamoyo ya nyumba, mfano unaopotosha kuliko unavyoeleza. Nguzo haijitengenezi. Mfupa una chembe zinazobomoa na chembe zinazojenga, nazo hazipumziki: kwa mtu mzima, karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa hufanywa upya kila mwaka. Mwaka 1892 daktari Mjerumani Julius Wolff alieleza kwamba mfupa hujipanga kulingana na mzigo unaoubeba, na wanaanga wamekuwa ushahidi wake: wakikaa angani bila uzito, mifupa ya nyonga hupungua kwa zaidi ya asilimia 1 kila mwezi. Kwa hiyo maradhi mengi ya mifupa ni hitilafu ya mizani kati ya kubomoa na kujenga, wala si uchakavu. Mtoto akikosa vitamini D, mfupa hujengwa bila kukomaa na miguu huingia matege. Mwanamke akikoma hedhi, homoni ya estrojeni hupungua, wabomoaji huwazidi wajenzi, na mfupa wa nyonga unaweza kuvunjika kwa kujikwaa tu.

Atakayepinga ataonyesha goti la mzee: gegedu limelika, mfupa unasuguana na mfupa, je, huo si uchakavu? Mzigo una sehemu yake, hilo halikataliwi. Lakini watu wanene hupata ugonjwa huohuo mara nyingi zaidi hata kwenye vidole vya mikono, na hakuna anayetembea kwa vidole vya mikono. Mafuta ya mwili hutoa kemikali zinazochochea uvimbe, na kiungo huugua kama nyama nyingine yoyote iliyo hai. Baridi yabisi nayo imebebeshwa jina linaloisingizia hali ya hewa, ilhali katika aina yake kali kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia utando wa viungo. Jongo hutokana na fuwele za asidi ya uriki.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama tatizo ni upungufu, basi mfupa ukizidi kuwa mzito ndivyo unavyozidi kuwa imara. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 1990 yalijibu. Wanawake wenye mifupa dhaifu walipewa floridi kwa miaka minne. Uti wa mgongo uliongezeka uzito kwa asilimia 35, lakini mivunjiko ya mifupa mingine ikaongezeka. Kuzunguka Mlima Meru, ambako maji hupita kwenye miamba ya volkano, jambo hilo lilijulikana bila maabara. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita; visima na chemchemi nyingi za huko huzidi kiwango hicho mara kadhaa, na magadi ya kupikia huongeza. Meno huwa ya kahawia, mgongo hukakamaa, miguu ya watoto hupinda, ingawa picha ya eksirei huonyesha mifupa mizito. Floridi huingia katika madini ya mfupa na kukaa humo. Uroho huo wa mfupa kwa floridi ndio uliotumiwa kusafisha maji katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha: mifupa ya ng'ombe huchomwa ikawa mkaa, maji yakapitishwa humo, na floridi ikanaswa na mfupa kabla haijafika kwa mnywaji.